UZI: Utafiti ukifanyika kwetu, majibu yarudi kwetu

Mwana_Butere

Wadau wa Kisumu, Kakamega, Siaya, Vihiga na kwingineko, salaam. Nina jambo nataka tulichambue hapa bila haraka.

Huku kwetu ni miongoni mwa sehemu zilizotafitiwa sana Afrika. Vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa Asembo na Gem miaka ya 1990. Tohara kama kinga dhidi ya VVU ilijaribiwa Kisumu. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Siaya na Kombewa, na Kilifi kule pwani, miaka mingi kabla dunia haijaisikia. Mbita kule kando ya ziwa watafiti wamehangaika na kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na viwavi wa mahindi tangu zamani. Maarifa hayo yametoka kwa damu, mashamba na muda wa watu wetu, na leo yanaokoa watoto ambao hawajui Gem iko wapi. Mimi hilo najivunia sana.

Lakini muulize aliyetoa damu au udongo alielezwa nini baadaye. Mradi mmoja ambao sitautaja ulikuja kijijini kwetu kupima udongo. Walikuwa vijana wenye adabu, hawakumdharau mtu. Walichimba shamba la mama sehemu kadhaa, wakatia udongo kwenye mifuko, wakaandika namba kwa kalamu nene, mama akatia sahihi kwenye fomu. Wakasema majibu yatakuja. Misimu imepita, hakuna aliyerudi. Mama ameendelea kutia mbolea ya DAP kila msimu kama alivyozoea, na mahindi yanazidi kudumaa.

Nikatafuta mwenyewe mtandaoni. Makala ipo! Imeandikwa Kiingereza kizito, na ili uisome yote unatakiwa kulipa zaidi ya dola 30. Bure ni muhtasari tu, na muhtasari unasema udongo wa eneo lile una asidi nyingi. Mtu yeyote wa kilimo atakuambia kwamba mbolea kama DAP ikitumika mfululizo huongeza asidi, na kwamba chokaa ya kilimo ndiyo huituliza. Mama angeambiwa hayo kwa dakika tano pale uani, angejua la kufanya. Badala yake, maelezo ya shamba lake mwenyewe yanauzwa mahali ambapo hawezi kufika.

Msimamo wangu ni huu: kurudisha majibu si hisani. Ni sehemu ya utafiti, sawa na kupima na kuhesabu. Iwekewe pesa kwenye bajeti, ipangiwe tarehe, ifanywe kwa lugha ya waliotoa udongo wao. Watafiti mlio humu, tuelezeni mnakwama wapi.

---

Mtafiti_Ziwani

Ndugu Mwana_Butere, umegusa penyewe. Mimi niko kwenye utafiti wa afya hapa Kisumu na nitasema ninayoyaona kila siku.

Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha kwenye majarida. Hakuna kamati itakayomuuliza amehutubia mabaraza mangapi ya chifu. Pesa za mradi nazo huisha mara nyingi data ikiwa ndiyo kwanza inachambuliwa. Gari limerudishwa, wale vijana wa kuhoji watu wameshapata kazi kwingine, na anayeandika makala amebaki peke yake na kompyuta. Hapo ndipo ahadi ya “tutarudi” inapofia. Wengi waliahidi kwa nia njema kabisa.

Halafu kuna suala la majarida yenyewe. Yalianza ili habari zienee. Philosophical Transactions ya London ilianza 1665 kwa sababu wanasayansi walichoka kuandikiana barua mmoja mmoja. Leo mtafiti anaandika bila kulipwa na jarida, wataalamu wenzake wanaipekua makala bila kulipwa, kisha chuo chake kinalipishwa ili kisome.

---

Kondele_Stage

Daktari, samahani nikukatize. Nilisikia siku hizi majarida mengi ni ya bure. Sasa nani analipa?

---

Mtafiti_Ziwani

Swali zuri. Tangu tamko la Budapest la 2002 kumekuwa na msukumo wa makala kusomwa bure na kila mtu. Majarida mengi yamekubali, ila yamehamishia gharama kwa mwandishi. Wale wa jarida la Nature walipotangaza bei yao mwishoni mwa 2020, ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Si majarida yote ni ghali hivyo, na mengine husamehe ada kwa watafiti wa nchi zenye kipato kidogo, lakini ni wewe na jarida mkubaliane. Kwa hiyo tulimwondolea msomaji mzigo, tukamtwika mtafiti wa chuo cha Maseno au cha Masinde Muliro.

Mambo yanabadilika. Gates Foundation, ambayo inafadhili tafiti nyingi za huku, tangu 2025 haitoi tena pesa za ada hizo na inataka makala ziwekwe wazi mtandaoni mapema, hata kabla jarida halijazipitisha. Marekani nayo, kupitia taasisi yake ya utafiti wa afya, NIH, tangu Julai 2025 inataka makala za tafiti inazofadhili zipatikane bure mara tu zinapochapishwa. Ni hatua kubwa.

Ila makala ya awali ambayo haijapekuliwa na wataalamu wengine inahitaji uangalifu. Wakati wa korona tuliona makala za namna hiyo zikisomwa redioni kana kwamba ni neno la mwisho. Hata kupekuliwa si kinga kamili. Ile makala ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, yenye watoto 12 tu, ilipita kwenye jarida la The Lancet na ikafutwa 2010. Miaka 12! Na bado kuna akina mama hapa hapa Kisumu wanaotumiwa hofu hiyo kwenye WhatsApp, bila kuambiwa kwamba makala yenyewe ilishafutwa.

Na kuwa bure si kueleweka. Makala ya udongo ingekuwa bure, mama Butere angeisoma?

---

Nyar_Seme

Asante daktari. Hapo kwenye kueleweka ndipo mimi nafanyia kazi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, yaani CHP, upande wa Seme. Nyumba kwa nyumba, kila wiki.

Chanjo ya malaria ilipozinduliwa nchini, Ndhiwa, Septemba 2019, ratiba ilikuwa dozi nne: miezi 6, 7, 9 na 24. Mama anakuja mara tatu vizuri. Kisha mtoto anapata homa, anapimwa, malaria ipo. Mama ananiambia, “Dada, mlitudanganya.” Dozi ya nne harudi. Nikikaa naye nagundua tatizo lilianza siku ya kwanza: aliambiwa “hii ni chanjo ya malaria” na hakuambiwa inafanya kiasi gani. Jaribio kubwa lilikuwa na watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7, na wale walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 wakapata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa karibu 36% ndani ya miaka minne. Haikuondoka. Inapungua, na ile kali inayolaza watoto hospitalini inapungua pia. Kwa kijiji ambacho mtoto huugua malaria mara kadhaa kwa mwaka, hiyo ni nafuu kubwa sana. Mama akielezwa hivyo mapema, homa ya kwanza haimvunji moyo, na chandarua hakitoi kitandani.

Sasa niwaeleze ninavyofanya nikiongea na vijana kuhusu tohara. Sisi Wajaluo hatukuwa na desturi hiyo, wazee walikaa na jambo hili kwa muda kabla ya kampeni kuanza Nyanza mwaka 2008, kwa hiyo maswali ni mengi na ni ya haki. Vijana husikia “inapunguza kwa asilimia hamsini na kitu” na kila mmoja anaelewa lake. Mimi nabeba mahindi na nyungo mbili. Kwenye kila ungo kijana mmoja anahesabu punje 100 mwenyewe, mbele ya wenzake. Nawaambia: jaribio la Kisumu lilikuwa na wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24, na matokeo yakatoka 2007. Ungo huu ni wale ambao hawakutahiriwa. Baada ya miaka miwili, kati ya kila 100, kama wanne walikuwa wameambukizwa VVU. Toa punje nne, weka pembeni. Ungo huu ni waliotahiriwa. Toa mbili.

Wananyamaza, wanatazama zile mbili. Halafu lazima mmoja aulize, “Kumbe hawa wawili walitahiriwa na bado wakapata?” Hapo sina haja ya kuhubiri kuhusu kondomu, wameiona sababu wenyewe. Na mwingine huuliza, “Kumbe hata kati ya hawa ambao hawakutahiriwa, 96 hawakupata?” Naye yuko sahihi, na ninamjibu kwamba miaka miwili si maisha yote. Sijawahi kuona bango lililoeleza hivyo.

---

Kondele_Stage

Nyar_Seme, mimi nimeishi Kisumu miaka yote na leo ndiyo mara ya kwanza naelewa hiyo asilimia. Ubarikiwe dada.

---

Omwami_Vihiga

Nimesoma yote. Naheshimu mawazo yenu lakini nina hofu moja kama mzee wa kijiji. Kuna matokeo mengine mkiyaleta barazani mtaharibu. Nilisikia kuna utafiti mkubwa ulifanywa huku kwetu wa maji, vyoo na kunawa mikono, ukaonyesha kuhara hakukupungua. Mimi nimetumia miaka kuwaambia watu wachimbe vyoo. Nikisimama na kusema hivyo, kesho nani atanunua sabuni?

---

Mtafiti_Ziwani

Omwami, hofu yako ni ya maana na sitaki kuipita juu juu. Utafiti unaousema uliitwa WASH Benefits. Ulifanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga, ukaandikisha wajawazito zaidi ya 8,200, na matokeo yakachapishwa 2018. Familia zingine zilipewa klorini ya maji, zingine vyoo vilivyoboreshwa, zingine vifaa vya kunawa mikono, zingine vyote pamoja, na zingine lishe ya nyongeza kwa mtoto. Ni kweli, kuhara kwa watoto hakukupungua. Lishe ndiyo iliyosaidia, watoto waliongezeka urefu kidogo. Na utafiti pacha uliofanywa Bangladesh ulikuta kuhara kumepungua. Kwa hiyo swali zuri ni: kwa nini kule na si hapa?

Maelezo yanayojadiliwa ni kadhaa. Kule watu walitembelewa nyumbani mara nyingi zaidi kuliko huku. Halafu uchafu unaomfikia mtoto anayetambaa hutoka pande nyingi: udongo wa uani, kuku wanaolala ndani, choo cha jirani ambaye hakuwa kwenye utafiti. Kumpa mtu chupa ya klorini bila kumletea maji ya bomba huenda hakutoshi. Ndiyo maana wataalamu wengi wakaanza kudai hatua kubwa zaidi, maji safi yafike nyumbani kwenyewe. Utafiti haukusema maji machafu ni salama, wala haukusema sabuni haifai.

Sasa fikiria ungeenda barazani Vihiga na maneno hayo. Watu wangepata hoja ya kumdai mwakilishi wao wa wadi bomba la maji. Matokeo ya “hatukuona tofauti” ndiyo hufichwa zaidi, na majarida yenyewe huyakwepa kwa sababu hayavutii. Kuna dawa ya hilo: mtafiti anapeleka swali na mbinu zake kabla ya kukusanya data, jarida likikubali linachapisha jibu lolote litakalotoka. Jarida la Cortex lilianza hivyo 2013 na mengine mengi yamefuata. Majaribio ya tiba nayo husajiliwa kabla ya kuanza. Lipo daftari la Afrika liitwalo PACTR, mtu yeyote anaweza kulifungua bila malipo aone ni jaribio gani linaendelea Kisumu na waliahidi kupima nini.

---

Omwami_Vihiga

Kwa bomba la maji nimekuelewa daktari. Lakini bado nasema anayekuja barazani awe mtu wa kukaa na kujibu maswali mpaka yaishe. Asije akasoma karatasi nusu saa kisha akaingia kwenye gari.

---

Mwalimu_Maseno

Ngoja nami niseme kutoka darasani, kwa sababu hata watafiti wakirudi, watu wanahitaji kuwa na zoea la kuwauliza “mmejuaje?” Zoea hilo huanza utotoni.

Shule yetu haiko mbali na mstari wa ikweta. Watoto wote wamesikia kwamba maji yakitoka kwenye tundu huzunguka upande mmoja kaskazini na upande mwingine kusini, hatua chache tu kutoka mstarini. Nanyuki watalii huonyeshwa hivyo na chombo cha maji, wanapiga makofi. Nimekuta hata watu wazima wenye digrii wanaamini.

Mimi sikuwaambia wanafunzi wa Gredi ya 8 kwamba si kweli. Tulichukua karai moja, tukatoboa tundu katikati, tukaliziba kwa kipande cha gunzi. Majani makavu mawili juu ya maji ili tuone mzunguko. Kundi moja linamimina maji likizungusha ndoo kuelekea kulia, jingine kushoto, jingine linasubiri maji yatulie. Mtu mmoja anachomoa gunzi, mmoja anaandika daftarini. Pale pale, karai ile ile, maji yalizunguka kulia mara nyingine na kushoto mara nyingine. Msichana mmoja ndiye aliyegundua kwamba yanafuata jinsi yalivyomiminwa. Hakuambiwa na mtu.

Baadaye ndipo nikawaeleza kwamba athari ya mzunguko wa dunia ipo kweli, ila kwenye karai ni ndogo mno. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT, Marekani, aliionyesha kwa kutumia tangi la upana wa karibu mita 1.8 na kuyaacha maji yatulie siku nzima kabla ya kufungua tundu dogo sana. Na kule kwake ni mbali na ikweta. Hapa mstarini athari yenyewe ni sifuri. Watoto walielewa kwa nini yeye alisubiri na sisi hatukusubiri.

Shida yangu ni kwamba daftari lile halina pa kwenda. Kwenye maonyesho ya sayansi ya shule wanaotuzwa ni wenye mradi uliofanya kazi. Mtoto aliyejaribu kitu, kikakataa, akaeleza kwa nini kimekataa, harudi na cheti. Ningependa waamuzi wamtafutie nafasi. Daktari amesema majarida yanakwepa matokeo ya aina hiyo. Sisi tunawafundisha kuyakwepa tangu Gredi ya 7.

---

Mkulima_Siaya

Mwalimu umenena. Niongeze la shamba kwa ufupi.

Sukuma-vuta, ile mbinu ya Mbita ya kupambana na kayongo na viwavi, haikunifikia kwa makala. Niliona kwa jirani: mmea wa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, nyasi za nepia kuzunguka shamba. Nondo wa kiwavi cha bua hufukuzwa na harufu ya desmodiamu na kuvutwa na nepia, na mizizi ya desmodiamu huitoa mbegu ya kayongo usingizini kisha kuizuia isishike mzizi wa mahindi. Nilimuuliza jirani maswali yote ya kijinga ambayo nisingethubutu kumuuliza profesa. Mbegu yake bei gani? Palizi ya kwanza ni ngumu? Ndiyo, ni ngumu, unapalilia kwa mkono mpaka desmodiamu isimame. Ng’ombe anaila? Anaila sana. Yeye hakunificha ile taabu ya msimu wa kwanza, ndiyo maana sikuiacha.

Mkulima anayefundisha mkulima ni jarida pia. Watafiti wamlipe nauli na muda wake.

---

Wakili_Milimani

Kwa wanaouliza haki iko wapi: Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nayo humtaka mtafiti awasilishe nakala ya ripoti ya mwisho. Lakini ripoti ikifika Nairobi haijafika Butere. Kwa maoni yangu masharti ya leseni yangetaja waliotafitiwa wazi, pamoja na kaunti. Hilo linaweza kudaiwa na wawakilishi wetu.

---

Mwana_Butere

Nimejifunza mengi, asanteni nyote. Nilipofungua uzi huu nilikuwa na hasira na yale majarida zaidi. Sasa naona mahali pa kushika ni fomu ya ridhaa, kwa sababu hapo ndipo mtafiti anatuhitaji sisi. Kabla ya kutia sahihi, kila mtu aulize: majibu yatarudi lini, nani atayaleta, kwa lugha gani, na mkikuta hakuna tofauti mtatuambia? Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwenye fomu yenyewe, na mzee wa kijiji abaki na nakala.

Kuhusu lugha, mwaka 2021 kulitangazwa mradi wa kutafsiri makala za kisayansi za Afrika kwa lugha sita, Luganda ya majirani zetu ikiwemo. Kiswahili hakikuwa kwenye orodha ile. Vyuo vyetu vina idara za Kiswahili na idara za sayansi kwenye ua mmoja. Mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa kilimo wakiandika pamoja kurasa mbili za kila tasnifu ya mahali hapa, na Radio Nam Lolwe au West FM wakapewa kurasa hizo kwa Kijaluo na Kibukusu, hiyo ni kazi ya muhula mmoja. Nitaanza kuandikia idara hizo barua wiki hii. Anayetaka kutia jina lake, anijulishe hapa chini.

---

Nyar_Seme

Nitie. Na hayo maswali ya fomu nitayaweka kwa Dholuo nikawape CHP wenzangu, kwa sababu sisi ndio watafiti hutuomba tuwasindikize nyumba kwa nyumba.

---

Omwami_Vihiga

Nitie pia. Baraza letu ni la mwezi ujao, nitaomba nafasi kwa chifu.

---

Mkulima_Siaya

Mwana_Butere, kwenye fomu ongeza swali moja kwa wanaochukua udongo: majibu yatafika kabla ya mvua za Machi? Yakifika Mei, mbolea imeshaingia ardhini na pesa zimeshatoka. Na huku mkiandika barua, mwambie mama apeleke udongo kidogo kwa afisa wa kilimo upimwe asidi, na akiambiwa atie chokaa aitie mapema, wiki kadhaa kabla ya kupanda.